Kupima kasi ya mwitikio kwa rula: wavulana na wasichana

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mpwa wangu na mradi wake wa baiolojia. Swali lake: nani huitikia haraka, mvulana au msichana?

1. Kifaa. Rula ya sentimita 30, basi. Programu za simu achana nazo. Skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 17 hivi, na mguso nao una uchelewaji wake. Tofauti unayoitafuta ni ndogo, itamezwa humo humo.

2. Mkao. Mkono wa anayepimwa (mdakaji) juu ya meza, vidole nje ya ukingo; mwenzake ashike rula kwa juu, sifuri yake ikae katikati ya vidole vya mdakaji. Mwenzake aachie, mdakaji adake, msome sentimita pale alipodakia.

3. Anayeachia rula. Hapa ndipo kazi ilipo. Awe mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mvulana akiwaachia wavulana na msichana wasichana, utakuwa umewapima waachiaji. Asihesabu "moja, mbili, tatu", maana mdakaji atakisia. Asubiri kati ya sekunde 2 na 6, bila mpangilio, na mdakaji atazame rula tu, kwa sababu kifundo cha mkono cha anayeachia hutikisika kabla ya vidole kufunguka. Nafasi kati ya vidole ipimwe kila mara. Vidole vinavyokaribiana "huongeza kasi" bure. Usimalize wavulana wote kwanza, changanya zamu. Akidaka chini ya sentimita 5, futa: hiyo ni kama sekunde 0.1, kiwango kile kile ambacho mkimbiaji wa mita 100 akitoka chini yake huhesabiwa ameanza kabla ya mlio. Tena, uliza nani hucheza michezo ya video au mpira. Mazoezi yanaweza kujificha nyuma ya jinsia.

4. Hesabu. Kipeuo cha pili cha sentimita, zidisha kwa 0.045, unapata sekunde. Sentimita 16 ni sekunde 0.18. Badili kila jaribio kuwa muda kwanza, kisha yapange na uchukue la katikati. Wastani huvurugwa na mtu mmoja aliyesinzia.

5. Kuandika matokeo. Tafiti nyingi huwapata wanaume wakitangulia kidogo kwenye mwitikio sahili (ishara moja, jibu moja, kama huu wa rula), lakini makundi hupishana sana. Usiandike "wanaume hufikiri haraka": kwenye majaribio ya kulinganisha alama na tarakimu kwa kasi, kwa kawaida wanawake ndio huongoza. Wala usichore grafu ya nguzo mbili, moja kwa kila kundi. Weka nukta moja kwa kila mtu, mwalimu aone zilivyochanganyika.