Somo: Kuandaa mada ya fremuweki za wavuti kwa kikao cha waandika programu

Ukipewa dakika 40 hapa Unguja uzungumzie fremuweki za wavuti (mifupa iliyo tayari ya kujengea tovuti) zilikotoka, usipange majina kwenye slaidi. Watu watakuchoka kabla hujafika React, mojawapo ya hizo. Shika swali moja: HTML, yaani maandishi yanayounda ukurasa, inapikwa wapi, kwenye seva (kompyuta inayotuma ukurasa) au kwenye simu ya msomaji?

1. Pitisha historia kwenye swali hilo. Mwaka 1993 ilikuja CGI, njia ya seva kuita programu itengeneze ukurasa: kila ombi likifika, seva inawasha programu upya. PHP, lugha ya kuandikia kurasa upande wa seva, ya Rasmus Lerdorf ikatoka 1995. Fremuweki za Rails (2004) na Django (2005) hazikuhamisha kazi kutoka seva, zilileta utaratibu. Kwa Django tulia kidogo. Ilianzia kwenye gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, na ukurasa wake wa admini, wa kuingiza na kuhariri habari, unakuja tayari. Chumba cha habari hakiwezi kumsubiri mwandika programu kila habari inapoingia. jQuery (2006), maktaba ya JavaScript, lugha inayoendeshwa ndani ya kivinjari, itaje upite. AngularJS (2010), React (2013) na Vue (2014) ndizo zilizohamishia kazi kwenye kivinjari, seva ikabaki kutuma data. Next.js, iliyojengwa juu ya React, ikaja 2016, na sehemu ya kazi ikarudi kwenye seva. Hapo ndipo mada inaponoga.

2. Andika programu moja mara tatu. Ratiba ya boti za Unguja na Pemba inatosha: kwa PHP tupu, kwa Django au Laravel (fremuweki ya PHP), kisha kwa React ya kawaida isiyopitia Next.js. Mbele ya watu fungua chanzo cha ukurasa, yaani HTML iliyotumwa na seva. Kwenye mbili za mwanzo safari zote zinasomeka. Kwenye React utakuta div (kisanduku cha HTML) moja tupu yenye id ya root na mstari wa kuita JavaScript. Halafu punguza kasi ya mtandao hadi 3G ndani ya Chrome, uipakie upya. Nyamaza, waache waitazame skrini nyeupe hadi JavaScript ishuke.

3. Usitegemee intaneti ya ukumbini. Pakeji zote ziwe zimeshashuka nyumbani, laptopu imejaa chaji, herufi kubwa.

4. Saa. Anza baada ya Laasiri, na maswali yaishe kabla ya Magharibi. Ukichelewa, ukumbi utakuwa mtupu.

Maswali ya wanachama

*Chake Chake:* Maalim, vijana wangu wanajua PHP tu. Watafuata?
— Hao ndio watakaofuata vizuri zaidi. Tumia Laravel badala ya Django, lugha ibaki ile ile.

*Tunguu:* Na htmx, ile maktaba ndogo ya JavaScript, niitie?
— Dakika moja. Seva inarudisha kipande cha HTML, kivinjari kinakipachika mahali pake. Ukieleza zaidi ya hapo itageuka mada nyengine.

*Wete:* Kuna mmoja kila kikao anauliza ipi bora. Nimjibu nini?
— Mrudishie: wateja wako wanatumia simu gani na bando gani? Ratiba ya boti anasoma mtu yuko bandarini, simu ya bei ndogo. Mpe HTML kutoka seva. Skrini ya mhasibu anayebofya kutwa ofisini, React ina haki yake.

*Mwanakwerekwe:* Kodi hizo tatu utatugaia?
— Njooni na flashi.