Kuomba kozi fupi ya famakolojia ukiwa Pemba: anza na barua, fomu baadae

Tangazo la kozi likishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp kila mtu anakimbilia linki, mie nasema iacheni hiyo linki kwanza. Fomu utaijaza umekaa barazani unasubiri chai. Kinachokula watu ni barua ya ruhusa ya mwajiri, na ukiwa Pemba ndo kabisa. Kwenye tangazo wameiweka karibu na mwisho, baada ya picha ya pasipoti, kama vile ni kitu cha kwenda kuchukua dukani. Mie naiweka mwanzo.

Kozi ninayoizungumzia ni ile ya utangulizi wa famakolojia, yaani elimu ya jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini, ya wiki chache tu, kwa wauguzi, wakunga, matabibu na watu wa stoo ya dawa. Haikufanyi mfamasia, tusidanganyane, ila ukitoka pale angalau unajua kwa nini mgonjwa wa figo humpi gentamisini kama unavyompa mtu mwenye figo nzima, na kwa nini vidonge vya kuongeza damu havinywewi na chai ya rangi.

Haya, barua. Unaandika kwa mkuu wa juu anaetoa ruhusa lakini mstari wa "kupitia kwa" uwataje wote waliopo katikati, mkuu wa kituo, kisha wilaya, kwa mpangilio wao. Ukimruka mmoja inarudi, na hairudi siku ileile, inarudi baada ya kukaa huko juu mpaka mtu aione kasoro. Kila anaepita aandike maoni yake, asaini, apige muhuri wenye cheo. Saini bila muhuri ni sawa na hujapeleka kitu.

Ukifika masjala usikabidhi barua ukaondoka. Nenda na kopi ya pili, ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, na uombe namba ya kumbukumbu uiandike kwenye simu, maana keshowe ukija kuuliza bila namba utaambiwa "tutaitafuta" na hapo ndo imekwisha. Mie ofisi moja kila nikienda najibiwa barua yako ipo mezani, na kweli ipo, nimeiona kwa macho yangu, juu yake kuna kikombe cha chai na sahani ya maandazi, haikuwa imepotea hata kidogo.

Halafu kuna hili la bosi kuwa Unguja. Mwenye saini muda wote yuko Unguja kikaoni, akirudi ana wageni, wageni wakiondoka anarudi Unguja. Usikubali jibu la "msubiri arudi". Uliza kwa adabu nani anakaimu, kwa sababu kaimu anaruhusiwa kusaini kwa niaba, na barua yenye "kny" na muhuri wa ofisi chuo wanaipokea. Kila ofisi ina bibi mmoja wa masjala ambae anajua kila kitu, nani yupo, nani kaenda wapi, faili liko chumba gani, huyo msalimie vizuri, muulize na hali ya watoto, usimwendee kama unamdai. Na Ijumaa usipeleke kitu, ikifika saa tano watu akili zishakwenda msikitini. Ramadhani ndo usiseme, saa za kazi zinapunguzwa na foleni iko palepale.

Sasa hapa ndo palipoumiza wengi. Barua ya ruhusa ikitoka isome hapohapo mlangoni kabla hujaondoka. Yangu ilitoka imeandikwa nimeruhusiwa kwenda "mafunzo ya dawa", basi, hamna jina la kozi, hamna tarehe. Chuo wakaikataa wakasema haioneshi kama mwajiri wako anajua utakuwa hupo kazini siku zipi, na siwezi kuwalaumu sana. Ikabidi barua ianze safari upya toka chini na tangazo linakaribia kufungwa. Kwa hiyo unapopeleka ombi lako ambatanisha fotokopi ya tangazo, jina la kozi na tarehe uzipige mstari kwa kalamu, na kama anaechapa ni mtu wa kuzungumzika mpe maneno yenyewe tayari kwenye flashi.

Jengine, kwenye ombi lako taja nani atashika zamu zako. Vituo vyetu vidogo unakuta wauguzi wawili watatu, sasa mmoja akiondoka wiki mbili bosi swali lake la kwanza ni hilo, na kama jibu lishakuwemo kwenye barua na mwenzio kasaini chini yake hana pa kukukwamisha. Na ujue mapema kama unajilipia. Ukiandika "kwa gharama zangu mwenyewe" utaona barua inavyopata mbio, wale waliokuwa na vikao wote wanapatikana.

Majina. Hili ni fupi lakini lina pesa ndani yake. Jina kwenye kitambulisho cha Mzanzibari, kwenye cheti cha fomu foo, cheti cha chuo na leseni ya baraza la taaluma yako yawe mamoja. Sisi tena, huku Mohammed kule Muhamed, huku Hamis kule Khamis, cheti cha skuli majina mawili kitambulisho matatu. Mfumo haujui kama ni wewe. Yakitofautiana nenda kwa wakili ukafanye kiapo kabla hujagusa fomu, maana ukishawasilisha kubadilisha herufi moja ni kupiga simu chuoni, na simu ya chuo inaita tu.

Leseni iwe hai mpaka siku ya mwisho ya kozi, sio mpaka siku ya kuomba. Ikiwa inakwisha katikati ihuishe kwanza.

Fomu yenyewe sina mengi. Skani kwa simu inatosha ila mwanga uwe wa mchana, kurasa za cheti kimoja ziwe faili moja, na usipunguze ukubwa mpaka muhuri hausomeki. Mfumo mchana unalala, jaribu alfajiri. Ukibonyeza kuwasilisha subiri namba ya ombi, kama haijaja hujaomba, hata kama rangi imekuwa ya kijani. Kontroli namba, ile ya kulipia, usiitoe mpaka pesa iko mkononi kwa sababu ina muda wake, ikipita huo muda ukilipia inakataa, ukiomba nyengine unaambiwa unayo tayari. Risiti ipige picha siku hiyohiyo, zile karatasi zinafutika.

Baadhi ya kozi zina jaribio dogo kabla ya kupokelewa, na watu wanaanguka kwenye hesabu, sio kwenye majina ya dawa. Mfano wa kawaida: mtoto wa kilo 12, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, dawa ya maji ina miligramu 120 kwenye mililita 5, umpe ngapi? 15 mara 12 ni miligramu 180, kwa hiyo mililita 7.5. Au dripu ya mililita 500 iishe kwa masaa 4, seti inatoa matone 20 kwa mililita: matone 10,000 ugawe kwa dakika 240, unapata kama 42 kwa dakika. Zifanye kwa mkono, simu haziruhusiwi ndani. Na jifunze ile ya nusu-maisha ya dawa, yaani muda wa dawa kupungua nusu mwilini, kwamba zikipita nusu-maisha tano dawa imebaki kama asilimia 3 tu mwilini, wanaipenda sana.

Kwenye malaria kuwa makini. Maswali mengine yameandikwa na watu wa bara, wao ALu (mseto wa artemetha na lumefantrini) ilianza 2006, sisi Zanzibar tuliacha klorokwini 2003 tukaenda artesuneti na amodiakwini. Soma swali linataja mwongozo wa wapi, ujibu wa hapo, usianze kubishana na karatasi.

Ukichaguliwa, kuripoti ni Jumatatu asubuhi, basi usipange kuvuka Jumatatu. Panda boti bandari ya Mkoani mapema wikiendi, tiketi ukate kabla, na kama ni msimu wa kusi kula kidogo, kile kipande cha katikati ya mkondo kinajulikana. Ukifika darasani chukua vyeti halisi, kopi walizoziona kwenye mfumo hawaziamini tena, sijui walizitaka za nini.

Siku ya mwisho wakikupa cheti lisome jina lako kabla hujasaini daftari la kupokea, kwa sababu ukishasaini kosa ni lako. Uliza na pointi za kujiendeleza kama wao ndo wanazipeleka kwenye baraza linalotoa leseni au unapeleka mwenyewe, mara nyingi ni wewe mwenyewe, na bila hizo kuhuisha leseni kuna maneno. Kopi moja ya cheti ipeleke masjala iingie kwenye faili lako, na hapo pia chukua muhuri wa kupokelewa.