Kupima mkao wa mwili kwa timazi

Chombo cha kuanzia ni timazi ya fundi mwashi. Ikikosekana, funga nati nzito kwenye uzi mwembamba, uuning'inize kutoka kizingiti cha juu cha mlango hadi karibu na sakafu, kisha ungoje utulie. Anayepimwa avue viatu na avae nguo zinazoacha mgongo na magoti wazi, kwa staha na penye mwanga wa kutosha. Usimwambie asimame wima, kwa kuwa kila anayeambiwa hivyo hujikaza na kujiweka mkao usio wake. Mwambie akanyage hatua chache papo hapo, kisha asimame kama asimamavyo siku zote, akitazama mbele.

Anza kwa kumtazama ubavuni, uzi ukiwa mbele kidogo ya kifundo cha nje cha mguu. Mwili uliokaa sawa huufanya uzi upite mbele kidogo ya katikati ya goti, kwenye mfupa unaojitokeza kando ya nyonga, katikati ya bega na kwenye ndewe ya sikio. Sikio likiwa mbele sana ya uzi, kichwa kimetangulia mwili, na misuli ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke. Usitarajie mgongo ulionyooka kama mwanzi: pingili 7 za shingo na 5 za kiuno hufanya upinde unaoingia ndani, na zile 12 za kifua hutoka nje, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Ukihamia nyuma, uzi uangukie katikati ya visigino. Linganisha mabega, ncha za makombe ya mabega, uwazi kati ya mikono na kiuno, na urefu wa nyonga. Tofauti ndogo isikutishe, kwani wengi wanaotumia mkono wa kulia huwa na bega la kulia lililo chini kidogo.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote, hasa kwa watoto wa miaka 10 hadi 14, ni cha kuinama, kilichoelezwa na daktari Mwingereza William Adams mwaka 1865. Mtoto aweke miguu pamoja, aunganishe viganja vyake, anyooshe magoti, ainame polepole mpaka mgongo ulale sambamba na sakafu, nawe utazame kutoka nyuma, macho yako yakiwa usawa wa mgongo. Mbavu za upande mmoja zikiinuka kuliko za upande wa pili, yaelekea uti umepinda upande na pingili zimejizungusha. Mpeleke kwa daktari wa mifupa apigwe picha ya eksirei, ambako pembe ya nyuzi 10 au zaidi ndiyo huitwa skoliosisi. Nasisitiza umri huo kwa sababu kupinda huku huongezeka mtoto anaporefuka kwa kasi, na mara nyingi hakuumi, hivyo wazazi hukugundua kukiwa kumekwenda mbali.

Kabla ya kulaumu uti, pima miguu. Mguu mmoja ukiwa mfupi, nyonga huinama na mgongo hupinda ili kichwa kibaki katikati. Mketishe mtoto kwenye kigoda, ainame tena: kinundu cha mbavu zilizoinuka kikitoweka, yumkini chanzo ni mguu. Vilevile weka vibao vyembamba chini ya mguu mfupi hadi nyonga zilingane, na unene wa vibao utakuonyesha tofauti.

Vipo visababishi vingine: ujauzito, kazi ya kuinama kutwa kama ya cherehani au jembe, na maumivu yanayomfanya mtu auegemeze mwili upande mmoja. Kwa wazee, mifupa iliyopungua uimara husababisha pingili kubonyea na mgongo kuinama. Matege ya mtoto aliye chini ya miaka 2 mara nyingi ni ya kawaida; yakizidi baada ya hapo, achunguzwe kama ana upungufu wa vitamini D au kalisi.

Kibiongo chenye ncha kinachojitokeza mahali pamoja, pamoja na homa, jasho la usiku, kukonda au miguu kulegea, kinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mgonjwa wa namna hii asikandwe wala asivutwe viungo na mtu yeyote. Afikishwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa pingili zinazoliwa na ugonjwa zinaweza kuibana mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti na kumpoozesha, ilhali dawa za kifua kikuu zikianza mapema humponya.