Nguzo za msingi za kuchimba kwenye mabonde ya Kampala: kuanzia hesabu hadi zege

Juu ya vilima vya Kampala unakuta murram (udongo mwekundu wenye changarawe) ngumu, na nyumba nyingi husimama vizuri juu ya msingi wa kawaida. Ukishuka kuelekea Lubigi, Nalukolongo au mfereji wa Nakivubo, mambo hubadilika: mafunjo, tope jeusi, mfinyanzi laini, na maji karibu na uso wa ardhi. Huko jengo la ghorofa huhitaji nguzo za zege zinazoshuka hadi kwenye udongo mgumu. (Kiwanja kikiwa ndani ya eneo oevu, anzia NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, kabla ya kumtafuta mwenye mtambo.)

Hatua ya 1: Pima udongo

Usikubali ripoti ya kiwanja cha jirani. Toboa mashimo ya uchunguzi yapite angalau mita 5 chini ya mahali unapodhani nguzo itaishia. Katika jaribio la nyundo ya kilo 63.5 inayoanguka milimita 760, hesabu mapigo yanayozamisha bomba la sampuli milimita 300 za mwisho: mapigo mengi, udongo mgumu. Jihadhari na murram: mara nyingi ni tabaka gumu lililokaa juu ya udongo laini zaidi, na wachimbaji wengi hupenda kutangaza "tumefika mwamba" hapo hapo.

Hatua ya 2: Hesabu ubavu, kisha kitako

Nguzo hubeba mzigo kwa msuguano wa ubavu na kwa kukaa juu ya kitako. Ubavu huanza kufanya kazi nguzo ikititia milimita chache tu. Kitako hutaka mtitio mkubwa zaidi, na hapo jengo linaweza kuwa limeshapasuka.

Chukua nguzo ya kipenyo cha mita 0.6, urefu mita 12. Mzingo ni mita 1.885. Mita 3 za juu ni tope, zitupe. Mita 6 zinazofuata ni mfinyanzi wenye nguvu ya kilopaskali 60. Nusu yake ndiyo msuguano: 30 × 6 × 1.885 = kilonyutoni 339. Mita 3 za mwisho zina nguvu ya 150, na kwa kigawe cha 0.45 unapata 382. Kitako ni mara 9 ya 150, mara eneo la mita za mraba 0.283: tena 382. Jumla 1,103, gawanya kwa 2.5 kama akiba ya usalama, unapata 441.

Mzigo wa jengo juu ya nguzo hii ukiwa 400, wengi wangefunga daftari hapo. Mimi siwezi, kwa sababu shimo lina maji na hakuna atakayeona kitako. Nakihesabu nusu: inabaki 912, sawa na 365 baada ya kugawanya. Haitoshi. Naongeza mita moja ya kina kwenye udongo ule ule mgumu, nafika 416. Mita moja ya kuchimba ni nafuu kuliko kubishana na nyufa.

Ukijenga upande wa Fort Portal au Bundibugyo, ongeza hesabu ya tetemeko kwa kufuata US 319:2003, kiwango cha Uganda cha usanifu wa majengo dhidi ya matetemeko.

Hatua ya 3: Chimba

Weka bomba la chuma kupita tope. Ukichimba chini yake, jaza shimo uji wa bentonaiti (aina ya mfinyanzi unaoshikilia kuta za shimo), na uso wake ukae mita 1.5 au zaidi juu ya usawa wa maji ya ardhini. Ukishuka, kuta zitabomoka. Usichimbe shimo jingine karibu na nguzo ambayo zege lake bado ni bichi.

Hatua ya 4: Safisha, kisha usichelewe

Hapa ndipo nguzo nyingi huharibika. Safisha kitako kwa ndoo ya kusafishia, pima mchanga uliomo kwenye uji (usizidi asilimia 4), shusha nondo zenye vitengashio vya kuacha milimita 75 za zege, kisha pima kina tena kwa kamba yenye uzito. Kikipungua, tope limerudi. Safisha upya, hata kama lori la zege linapiga honi langoni. Kwa foleni za Kampala, mimi sianzi kumimina kabla lori la pili halijafika.

Hatua ya 5: Mimina kutoka chini

Tumia bomba linalofika kitakoni, na zege lenye slampu (kipimo cha ulaini wa zege bichi) ya milimita 180 hadi 220. Mdomo wa bomba ubaki umezama mita 2 au 3 ndani ya zege wakati wote. Andika ujazo wa kila lori: nguzo ya mita 13 hutaka mita za ujazo 3.7 na ziada kidogo. Ukijaza kwa pungufu ya hapo, ukuta umebomokea ndani. Pandisha zege nusu mita au zaidi juu ya kimo cha mwisho, kwani la juu limechanganyika na uchafu na litakatwa.

Hatua ya 6: Kagua

Baada ya siku 7, gonga kichwa cha nguzo kwa nyundo ndogo ya kipimo na usome mwangwi wake. Mwangwi ukionyesha umerudi kutoka mahali pa juu kuliko kitako, rudi kwenye daftari la ujazo, toboa sampuli ya zege pale panapotiliwa shaka, na ikithibitika nguzo imekatika, chimba mbili kando yake uziunganishe kwa kofia moja ya zege.