Somo: Maumivu sugu ya nyonga kwa mwanamke, na njia ya kuyatafutia tiba

Wanakikundi wenzangu, somo hili ni la mwanamke ambaye kwa miezi sita au zaidi amekuwa akiumwa chini ya kitovu, kiunoni au ndani ya nyonga, ambaye kila aendapo duka la dawa muhimu huambiwa ana UTI sugu na kupewa dozi nyingine, na ambaye nyumbani huambiwa ni chango, avumilie. Maumivu ya namna hii si ugonjwa mmoja. Chanzo chake huweza kuwa katika mfuko wa uzazi, kibofu, utumbo, misuli au mishipa ya fahamu, na mara nyingi vyanzo viwili au vitatu huwapo kwa pamoja; kwa hiyo dawa iliyomponya jirani yako huenda isikufae wewe hata kidogo.

Zipo hali zisizosubiri somo lolote. Ukichelewa kuona siku zako kisha ukapata maumivu makali, kizunguzungu au kuzimia, huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi: nenda hospitali saa hiyohiyo. Usikawie pia ukiwa na homa kali pamoja na maumivu, ukitokwa na damu nyingi, au ukiona damu baada ya kukoma hedhi.

Hatua ya kwanza ni kuandika. Chukua daftari la shule na, kwa mizunguko miwili ya hedhi, andika kila siku tarehe, mahali panapouma, ukali wa maumivu kuanzia sifuri hadi kumi, na ulichokuwa ukifanya: kwenda haja ndogo au kubwa, tendo la ndoa, kubeba ndoo, au kuinama kutwa nzima katika shamba la zabibu. Naliweka hili mbele ya vipimo vyote kwa sababu mtiririko wa maumivu humwonyesha daktari pa kuanzia. Yanayopanda siku chache kabla ya hedhi na kuambatana na maumivu wakati wa tendo la ndoa au wa haja kubwa humfanya afikirie endometriosisi, hali ambayo tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, na ambayo Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa humpata takribani mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Yanayoongezeka kibofu kinapojaa na kupungua baada ya kukojoa huelekeza kwenye kibofu. Yanayotulia baada ya choo huelekeza kwenye utumbo, na yanayokuja baada ya kuinua mizigo huelekeza kwenye misuli ya nyonga.

Hatua ya pili ni vipimo. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, upimwe mimba, mkojo na magonjwa ya ngono. Ikiwa umetibiwa UTI mara nyingi, omba mkojo uoteshwe maabara kabla ya kumeza dozi nyingine, ili ijulikane kama kweli kuna vijidudu na ni dawa gani inayowaua. Uliyekulia kando ya bwawa au Kanda ya Ziwa, mweleze daktari, kwa maana kichocho huweza kukaa katika via vya uzazi kwa miaka na kuleta maumivu yanayodhaniwa kuwa ugonjwa wa ngono, na dawa yake, prazikwanteli, ni tofauti kabisa. Kisha daktari akupime kwa mikono, nje na ndani. Una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo. Ultrasaundi huonyesha vizuri fibroidi (uvimbe unaoota katika mfuko wa uzazi) na uvimbe wa ovari, lakini mara nyingi haionyeshi endometriosisi wala makovu ya ndani. Majibu yasipoeleweka, omba barua ya rufaa umwone bingwa wa magonjwa ya wanawake. Hapa kwetu wapo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Nenda na daftari lako.

Hatua ya tatu ni tiba, nayo hufuata chanzo. Maambukizi ya via vya uzazi hutibiwa kwa antibayotiki zaidi ya moja, kwa kawaida kwa siku 14, na mwenzi hutibiwa pia, la sivyo mtaambukizana upya. Naomba jambo hili lizingatiwe: maambukizi yakishaacha makovu kuzunguka mirija, maumivu huweza kubaki hata vijidudu vikiisha, na makovu hayaondolewi na antibayotiki hata ukirudia dozi kumi. Kwa endometriosisi, ibuprofeni inayoanzwa maumivu yanapokaribia na kumezwa baada ya chakula husaidia wengi, isipokuwa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au mjamzito. Daktari huweza kuongeza vidonge, sindano au kijiti cha homoni, na wachache huhitaji upasuaji. Misuli iliyokaza hutibiwa kwa mazoezi ya kuilegeza chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Mishipa ya fahamu iliyozoea kupeleka taarifa za maumivu hutulizwa kwa dawa kama amitriptilini katika dozi ndogo.

Maswali ya wanakikundi

Mwanakikundi wa Kongwa: Shikamoo dada. Ultrasaundi haikuonyesha kitu, na mume wangu sasa anasema najisingizia. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Picha safi haimaanishi kwamba huumwi. Nenda naye kliniki, daktari amweleze mwenyewe, na umwonyeshe daftari.

Mwanakikundi wa Bahi: Bibi amenipa mizizi ya chango. Naweza kuitumia pamoja na dawa za hospitali?

Jibu: Mweleze daktari, umpelekee na mizizi yenyewe, kwa sababu baadhi ya mitishamba hudhuru ini na figo au hugongana na dawa. Usiweke kitu chochote ukeni. Nimeona michubuko na maambukizi yaliyoletwa na tiba hizo. Bibi msikilize kwa heshima, lakini usiache dozi uliyoanza.

Mwanakikundi wa Mpwapwa: Nina miaka 22. Mama anasema nikizaa yatakwisha, na kwamba sindano ya homoni itanifanya mgumba.

Jibu: Mdogo wangu, mimba huweza kutuliza dalili kwa baadhi ya wanawake kwa muda, lakini haiponyi endometriosisi, na hakuna anayepaswa kuzaa ili apate dawa. Sindano haileti ugumba, ingawa baada ya kuiacha uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa, hata kufikia mwaka. Ukitaka mtoto karibuni, mwambie daktari mapema achague vidonge badala ya sindano.