Picha Nyeusi na Nyeupe za Harusi: Ninavyozipiga Dar es Salaam

Kumbi za harusi Dar siku hizi zina taa za zambarau, bluu na kijani zinazohamahama, na vitambaa vya mapambo hadi darini. Katikati ya hayo, baba anamkabidhi binti yake huku machozi yakimlenga. Kwenye picha ya rangi, jicho linakimbilia taa kwanza. Ukiondoa rangi, linakwenda moja kwa moja kwenye uso wa mzee. Ndiyo maana maharusi wanaendelea kuziomba picha hizi.

Hatua ya 1: Kubaliana na maharusi mapema

Usiahidi albamu nzima bila rangi. Sare za kamati, vitenge vya kina mama wa upande wa bibi harusi, keki: watu wamechanga fedha na wamebishana vikao vizima kuhusu rangi hizo. Ziache zionekane. Nyeusi na nyeupe naitumia kwa viapo, machozi, mikono, vigelegele na kucheza.

Hatua ya 2: Tayarisha kamera

Piga RAW (faili ghafi la kamera) pamoja na JPEG (picha ya kawaida iliyokwisha kutengenezwa na kamera), kisha chagua mtindo wa picha usio na rangi. Kioo cha nyuma ya kamera kitakuonyesha kijivu tupu, nawe utaanza kuona mwanga na kivuli badala ya rangi. Faili la RAW linabaki na rangi zake zote.

Kumbuka kipimo cha mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Shela likijaza fremu, ongeza mwanga kidogo, kati ya +0.7 na +1 kwenye kirekebisha mwanga cha kamera (exposure compensation). Suti nyeusi ikijaza, punguza. Usiache shela liungue kwa mwanga kuzidi, kwa sababu kwenye picha isiyo na rangi huwa tundu jeupe lisilo na lesi wala mkunjo.

Hatua ya 3: Chumba cha mapambo

Zima taa, fungua pazia, msogeze bibi harusi ubavu wake uelekee dirishani. Inatosha. Piko hutokea vizuri sana. Hina nyekundu inaweza kumezwa na ngozi nyeusi ikawa kijivu kimoja, kwa hiyo mikono yenye hina ipige ukijua huenda ikabaki ya rangi.

Hatua ya 4: Nje

Jua la saa sita mchana Dar liko karibu na utosi na linachimba mashimo meusi machoni. Watafutie kivuli cha baraza, au subiri saa kumi na moja. Usichelewe zaidi, maana jua letu huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza huja upesi. Matarumbeta tu ndiyo nayapiga kwenye jua kali kwa makusudi: shaba inametameta, mashavu yamevimba, jasho linang'aa.

Hatua ya 5: Ukumbini

Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakidhani picha ikiharibiwa na taa wataiondoa rangi na mambo yataisha. Taa nyekundu ikimpiga mtu usoni, chaneli nyekundu (sehemu ya picha inayobeba rangi nyekundu) huungua peke yake wakati kamera inasema mwanga uko sawa, na uso hubaki bapa. Fungua histogramu ya rangi tatu (grafu ya mwanga wa nyekundu, kijani na bluu), punguza mwanga mpaka nyekundu isigonge ukingo wa kulia. Taa ya bluu ina shida nyingine: ngozi yetu hurudisha bluu kidogo mno, hivyo uso huzama gizani na chengachenga (vidoa vidogo kama mchanga) hujaa.

Ongea na mtu wa taa kabla ya sherehe. Mwombe kwa adabu taa nyeupe wakati wa kuingia maharusi na kukata keki. Asipoweza, elekeza fleshi kwenye dari au ukuta. Kitambaa cha pinki kitapaka mwanga rangi, lakini kwako haidhuru. ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ya 3200 au 6400 isikutishe. Chenga ndogo hupendeza kwenye kijivu.

Taa zikiacha mistari kwenye picha, jaribu spidi ya shata ya 1/100 au 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50.

Hatua ya 6: Kwenye kompyuta

Usivute rangi zote hadi sifuri. Tumia mchanganyiko wa nyeusi na nyeupe (vitelezi vinavyoamua kila rangi iwe kijivu cha kiasi gani), kama uliomo kwenye programu ya Lightroom. Kitelezi cha chungwa ndicho kinachoshika ngozi. Ukikipandisha sana, bibi harusi anakuwa mweupe kuliko alivyo, na hilo silikubali hata nikiombwa. Kiguse kidogo tu, mpaka mng'ao wa paji la uso na mashavu utokee na weusi wa ngozi ubaki na kina chake. Kisha hakikisha suti ya bwana harusi haijaungana na ukuta ulio nyuma yake.

Hatua ya 7: Kusafisha (kuchapisha) picha

Karatasi ya picha za rangi inaweza kuacha ukijani au uzambarau kwenye kijivu. Safisha moja ya majaribio, itazame juani na chini ya taa ya nyumbani, ndipo uagize albamu. Wape maharusi nakala ya rangi ya kila picha pia. Shangazi akitaka kuona kitenge chake, kipo.