Kupandisha chumba juu ya nyumba nyembamba ya mawe: anza na uzito wa paa

Wengi wenye nyumba za zamani Mji Mkongwe, Unguja, familia ikiongezeka hukimbilia kumwaga zege juu. Msifanye hivyo. Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Hubeba vizuri mzigo uliotandazwa sawa, lakini nguzo ikikandamiza pahala pamoja, nyufa hazichelewi.

Anza na paa lenyewe. Lile bapa la zamani lina tabaka nene la kokoto na chokaa juu ya boriti, na kila lilipovuja mtu aliongeza jingine. Ondoa uzito huo kwanza. Kagua boriti, hasa ncha zilizoingia ukutani, maana ndiko unyevu hujificha na kuozesha. Kisha simamisha chumba cha fremu ya mbao, ezeka bati. Wembamba wa nyumba hapa ni neema: boriti ya mkoko huvuka mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa hiyo inatoka ukuta hadi ukuta bila nguzo ya kati.

Lipu iwe ya chokaa. Saruji huzuia ukuta kupumua, na fundi atakayekwambia ni imara zaidi mwulize maji yatatokea wapi.

Ukuta mrefu huenda ni wa shirika na jirani, kwa hiyo zungumzeni mapema, na mchirizi usimwagie kwake. Mji huu ni urithi wa dunia tangu 2000. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kitangulie kabla paa la zamani halijaguswa.